Nyumba ya Bibi, Mikindani: shajara ya kibali na ukarabati

Jumamosi, 18 Januari 2025

Mvua imenyesha tangu saa tano usiku mpaka alfajiri, na ukuta wa chumba cha Bibi umemwaga ripu. Kipande kizima, kirefu kama mlango, kimeangukia palepale kichwani mwa kitanda. Bibi hakuumia kwa sababu alikuwa ameshaamka kuswali.

Nimefika kutoka Mtwara mjini saa mbili asubuhi. Nimekiinua kile kipande kwa mikono miwili: saruji tupu, unene wa vidole viwili, kigumu kama sahani. Ukuta wenyewe nyuma yake ulikuwa umelowa. Mawe ya matumbawe yalionekana wazi, na chokaa ya zamani katikati yake imekuwa unga unaomwagika ukiugusa. Juu ya unga ule kulikuwa na chembe nyeupe zinazong'aa. Nimeweka moja ulimini. Chumvi.

Ripu ile tuliipiga sisi, mimi na dada, mwaka 2011. Tulichanga mishahara tukaamini tunaiponya nyumba. Leo fundi mwashi mzee wa hapa Mikindani ametueleza kilichotokea, na imeniuma. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea usoni mwa ukuta na kukaushwa na upepo. Ukiuziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, na chumvi yake inaitafuna chokaa kwa ndani mpaka mawe yanabaki yameegemeana tu.

Tumekubaliana kwamba mwaka huu nyumba inakarabatiwa inavyostahili. Fedha ya korosho ya shamba la ukoo ipo kwa Mjomba. Kazi ni kubandua saruji yote, kurudisha chokaa, kubadilisha boriti zilizooza, kuezeka upya, kuweka choo cha ndani ili Bibi asitoke uani usiku, na kuongeza chumba kimoja kidogo uani cha binti anayemsaidia. Paa liwe limefungwa kabla ya mvua za Desemba.

Jumatatu, 20 Januari

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ni mpya, ameingia kwenye uchaguzi wa Novemba. Mtaani nilikuwa nimeshaambiwa na watu watatu, "Nyumba ya kwenu, kibali cha nini? Anza tu." Mwenyekiti hakunifokea wala hakunitisha. Ameniambia kupaka rangi au kubadilisha bati lililotoboka ni matunzo ya nyumba, lakini ukigusa ukuta unaobeba, ukibadilisha paa au ukaongeza chumba, huo ni ujenzi, na ujenzi unataka kibali cha Manispaa. Asiyekuwa nacho huandikiwa "SIMAMISHA UJENZI" kwa rangi nyekundu ukutani, na kuanzia hapo kila mfuko wa saruji uliokwisha kuloweshwa ni hasara.

Nimempa shikamoo zake nikatoka. Kwa Bibi nimesema tu kwamba tutachelewa kidogo.

Ijumaa, 31 Januari

Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ofisi ya ardhi na mipango miji. Nimekaa kwenye benchi nikasubiri zamu, na nilipoingia nimepokelewa vizuri. Vinavyohitajika ni uthibitisho wa umiliki, kodi ya pango la ardhi iliyolipwa, michoro ya nyumba ilivyo na itakavyokuwa, na mchoro wa kiwanja unaoonyesha nyumba inakaaje kati ya majirani. Maombi yenyewe yanaingizwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, halafu maofisa wanakuja kukagua eneo.

Tumekwama mahali pawili.

La kwanza ni kodi. Mimi nilijua kodi tunalipa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, maana kila mwezi inakatwa tukinunua umeme. Ile ni kodi ya jengo. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine kabisa, inalipwa peke yake kwa mwaka, na ya kiwanja chetu haijalipwa miaka mingi. Nimeandika hapa kwa herufi kubwa kwa sababu najua nyumba nyingi za Mikindani ziko hivi hivi: LUKU HAILIPI KODI YA ARDHI.

La pili ni zito zaidi. Karatasi ya kiwanja ina jina la kaka yake Bibi, aliyefariki mwaka 1998. Hakuacha mtoto. Tangu siku ile nyumba imeitwa nyumba ya Bibi na hakuna aliyeuliza. Lakini marehemu hawezi kuomba kibali.

Jumamosi, 22 Februari

Kikao cha ukoo, barazani kwa Bibi, watu kumi na wanne. Tumekiwahisha kabla ya Ramadhani. Sisi Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo neno la kwanza lilikuwa la Mjomba, na hakulizungusha: nyumba ni ya dada wa marehemu, anayo maisha yake yote, na anayetaka kusema kinyume aseme leo akiwa amekaa mbele yake.

Binamu mmoja alitaka iuzwe. Alisema viwanja vya karibu na bahari vina bei, na Bibi angejengewa nyumba nzuri ya tofali kule Chuno, Mtwara mjini. Hakusema kwa ubaya. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huko Chuno nitamjua nani?" Hapo yakaisha.

Mjomba ameteuliwa msimamizi wa mirathi. Muhtasari umeandikwa, wote wametia sahihi.

Machi na Aprili, kwa kifupi

Marehemu hakuwa na cheti cha kifo, alizikwa tu. Imebidi kwanza tusajili kifo cha miaka 27 iliyopita, tena kwa mashahidi waliokuwapo mazikoni. Kisha Mahakama ya Mwanzo: Fomu Namba 1 ya maombi, tangazo likabandikwa, hakuna aliyepinga, Mjomba akapewa barua yake ya usimamizi. Kodi ya nyuma ya ardhi tumeimaliza kwa awamu mbili. Haikuwa kazi ngumu hata hatua moja, ila kila hatua ina siku yake, na mfungo ukaingia katikati. Anayefikiria kukarabati nyumba ya urithi aanze na mirathi hata kama hana shilingi ya saruji.

Jumapili, 27 Aprili

Ramani ya kwanza imekataliwa na sisi wenyewe.

Mchoraji mmoja tuliyeelekezwa alituchorea kwa siku tatu bila kufika Mikindani. Karatasi safi, mistari imenyooka, na ilikuwa nyumba ya watu wengine: kuta za tofali za inchi sita, pembe zote mraba, madirisha ya alumini. Tungeipeleka Manispaa, mkaguzi angefika na karatasi mkononi asione nyumba iliyo kwenye karatasi. Fedha yake imeshakwenda.

Leo mimi na dada tumepima wenyewe, futi kamba mkononi, Bibi akitushikia mwisho wa kamba kila tulipopita alipoketi. Ukuta wa mbele una unene wa sentimita 52. Chumba kikubwa, kona kwa kona, ni mita 5.35 upande mmoja na 5.14 upande wa pili, kwa hiyo kimepinda, na hakuna aliyewahi kukiona kimepinda. Upana wa kila chumba ni mita 2.7 au pungufu kidogo. Hili la upana lilinishangaza mpaka fundi mzee alipotuonyesha juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na mkoko hautoi boriti ndefu iliyonyooka kuliko hapo. Waliojenga walianza na mti, ndipo wakapata chumba.

Tumempata mchoraji mwingine, kijana wa mjini, ambaye amekubali kuja na kupima tena nyuma yetu.

Alhamisi, 15 Mei

Kwa kuwa nyumba iko ndani ya mji mkongwe, tumeshauriwa tusikilize pia watu wa malikale, wanaolinda mambo ya kale, kabla ya kupeleka michoro. Ofisa amekuja na kukaa nasi karibu saa mbili. Anataka uso wa mtaani ubaki ulivyo: baraza, kimo cha ukuta, madirisha ya mbao, mlango. Uani tuna nafasi zaidi. Mimi nilikwenda nikiwa na hofu kwamba tutakatazwa kila kitu. Kumbe kwa choo cha ndani hakuwa na neno, alitaka tu bomba lisitoboe ukuta wa zamani bali lipite chini kwenye chumba kipya.

Mlango umezungumzwa peke yake. Wiki iliyopita alikuja mtu na gari, akasimama mbele ya ule mlango wa nakshi muda mrefu, kisha akamtajia Bibi bei ambayo ingeezeka nyumba nzima na kubakisha. Dada alinipigia simu usiku, sauti yake ikitetemeka, kwa sababu fedha ile tunaihitaji.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inasema jengo la kabla ya mwaka 1863 lina ulinzi wa sheria, na mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nakshi kabla ya mwaka 1940 nayo ni kitu kinacholindwa. Hauuzwi wala hautoki nchini bila leseni. Umri wa nyumba hatuna wa kutuambia. Umri wa mlango tunao: Bibi kazaliwa mwaka 1938, na mama yake aliolewa akaukuta. Yule wa gari hakuyasema hayo.

Nimeugusa leo kama naugusa mara ya kwanza. Kwenye nguzo ya katikati, karibu na chini, kuna sehemu nakshi imelainika mpaka imepotea. Ndipo watoto wote wa nyumba hii tulipokuwa tunashika tukijifunza kusimama.

Jumamosi, 14 Juni

Siku hii nataka niiandike yote.

Mtendaji wa mtaa anatupa barua ya utambulisho, ila ameomba sahihi za majirani wa pande zote, waone mchoro wa kiwanja na wakubali mipaka. Pande tatu zimetia sahihi kwa dakika tano. Ya nne ni Shangazi. Si shangazi wa damu, ni jirani wa upande wa kusini, lakini hatujawahi kumwita vingine. Kati ya ukuta wetu na wake pana uchochoro wa sentimita 80 hivi.

Ameshika mchoro, ameugeuza, kisha ameuliza swali moja: "Maji ya paa lenu yataanguka wapi?"

Nikamwonyesha mshale wa mteremko. Kusini. Kama ilivyo sasa.

Akasimama. "Njoo."

Tumeingia kwenye uchochoro, yeye mbele. Akanionyesha ukuta wake kwa chini, usawa wa goti. Mawe yamelika yakaingia ndani kama mfereji uliochimbwa kwa patasi, kuanzia mwanzo wa nyumba hadi mwisho. Nikaingiza mkono, ukazama mpaka kifundo. Akaeleza kwamba enzi za makuti maji yalikuwa yanadondoka taratibu, kila jani na tone lake. Mwaka 1994 tulipoezeka bati maji yakaanza kumwagika kwa mkupuo, yanagonga chini ya uchochoro na kurukia ukuta wake. Miaka 31.

Nikamwambia, "Shangazi, mbona hukusema?"

"Nimsemeshe nani, na Bibi yenu tumekula sahani moja?"

Sikuwa na la kujibu. Nimerudi ndani, nikamweleza Bibi, naye amefunika uso kwa ushungi akakaa kimya kwa muda. Alikuwa hajui. Uchochoro ule hapiti mtu mzima ila kwa sababu.

Michoro inabadilishwa. Paa litamwaga maji uani kwetu, na upande wa kusini utakuwa na gata mwanzo hadi mwisho, maji yaingie kwenye tangi la lita 5,000. Gharama imepanda na itabidi chumba cha uani kipungue nusu mita. Na tutalijaza lile shimo la ukuta wake kwa mawe na chokaa, kwa fedha yetu, kabla hatujagusa ukuta wetu. Dada amekubali kabla sijamaliza sentensi.

Nimeulizwa na rafiki kwa nini nasumbuka na kibali kwa kazi ndogo hivi. Bila ile karatasi ya sahihi, mwezi wa nane tungeezeka bati jipya, lenye mteremko mkali zaidi, juu ya ukuta wa Shangazi.

Jumatano, 25 Juni

Shangazi ametia sahihi mchoro mpya. Ameandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, polepole, kama alivyofundishwa chuoni, na akauliza kama Manispaa wataweza kuisoma. Mtendaji amegonga muhuri pembeni yake.

Maombi yameingizwa kwenye mfumo, kwa jina la msimamizi wa mirathi, viambatisho saba.

Alhamisi, 17 Julai

Ukaguzi. Wamekuja watatu: wa mipango miji, mhandisi na afisa afya. Mhandisi amegonga kuta kwa kifundo cha kidole chumba kwa chumba, na kila aliposikia mlio wa utupu aliweka alama ya chaki. Amekubali boriti zibadilishwe chache chache, kila mara nyingine zikibaki zimebeba, na ametaka zege la msingi wa chumba kipya lisimwagwe kabla hajaletwa kuona mtaro na nondo.

Afisa afya ndiye aliyetubadilishia mpango. Shimo la zamani la choo lilikuwa hatua tisa kutoka kisima cha jirani wa nyuma, na sisi tulitaka kulitumia tena ili tuokoe fedha. Amelikataa, na yuko sahihi. Maji ya visima huku hayako chini sana, bahari iko hapo. Shimo jipya linahamia kona ya mbali ya uwanja, lenye kuta na mfuniko, na la zamani linafukiwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Namba ya malipo imetoka, imelipwa kwa simu, na leo kibali kiko mkononi. Bibi ameomba asomewe yote, pamoja na masharti. Nimemsomea. Kisha amekiweka kwenye sanduku lake, pale zinapokaa sanda na Msahafu, na kwa fundi tumepeleka nakala.

Agosti hadi Oktoba

Kazi imekwenda vizuri, kwa hiyo sina mengi.

Chokaa ya mifuko tuliagiza Tanga tangu Julai. Barabara ya kusini tunaijua: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikata upande wa Lindi, malori yalikaa njiani. Chokaa ya kuchoma matumbawe, kama walivyofanya wazee, hatukuitaka, matumbawe ya bahari yetu yamechimbwa vya kutosha. Fundi mzee ameilowesha chokaa kwenye shimo wiki tatu mpaka ikawa laini kama samli iliyoganda. Akachanganya moja kwa tatu na mchanga wa mtoni uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo iliyotuleta hapa.

Ukuta wa Shangazi ulikuwa wa kwanza, kama tulivyoahidi. Siku nne.

Boriti: mikoko haikatwi hovyo, ni msitu unaolindwa, na anayeuza lazima awe na karatasi za misitu. Tumepata kumi na moja zenye hati ya kusafirishia. Nyingine tano tumeweka mbao za mtiki.

Mhandisi alikuja tarehe 2 Septemba kwenye mtaro, akataka uongezwe kina futi moja upande wa shimo lililofukiwa. Tuliongeza. Bila yeye tungeweka ukuta juu ya udongo uliojazwa.

Saruji ya zamani imebanduliwa yote, na tumeziacha kuta wazi wiki tano zikauke kabla ya chokaa. Mafundi vijana waliona ni kupoteza siku. Asubuhi moja katika wiki ya tatu, chumba cha Bibi kilikuwa kimechanua chumvi nyeupe ukuta mzima, kama ukungu, tukaifagia kwa brashi kavu ndoo moja na nusu. Baada ya hapo hawakuuliza tena.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana, saa kumi jioni, na upepo wa kaskazi nyuma yake. Paa limefungwa tangu tarehe 9.

Nimetoka na mwavuli kwenda uchochoroni na kumkuta Shangazi ameshatangulia, kanga kichwani, kiganja chake kimelala ukutani usawa wa goti. Ardhi ya uchochoro ilikuwa na matone machache tu. Hakusema kitu, na mimi sikumsemesha.

Tangi limefika robo kwa mvua moja. Gata la kona ya jikoni limepungukiwa mteremko, maji yanasimama pale, fundi arudi Jumanne alinyanyue upande wa mashariki kwa sentimita mbili. Rangi ya chokaa kwa nje bado mkono mmoja. Mkaguzi wa mwisho tumemwandikia, tunangoja siku.